Jeep Iliyotetemeka Ikishapata Moto

Nilistaafu mwezi uliopita, na vijana wa garaji wameniomba niwaandikie kitu kabla macho hayajaniacha kabisa. Walitaka nieleze jinsi nilivyopanda kutoka kuosha vipuri hadi kuwa shefu, mkubwa wa garaji. Hilo halina hadithi. Mtu akikaa mahali pamoja miaka mingi bila kufa wala kufukuzwa, mwishowe hupewa ufunguo wa ofisi. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na zaidi juu ya gari moja.

Garaji letu wakati huo lilikuwa chini kidogo ya soko la Nyawera, hapa Bukavu, nyuma ya ofisi ya afya ya kanisa. Tulitengeneza magari yaliyopeleka dawa na wauguzi kwenye zahanati za milimani na zile za tambarare ya Ruzizi. Shefu alikuwa papa Cubaka, mtu mfupi, mkimya, aliyevaa koti la bluu hata Jumapili. Siku yangu ya kwanza hakuniruhusu kugusa chombo chochote. Aliwasha lori, akaniketisha juu ya tairi, akaenda zake. Baada ya saa nzima alirudi.

"Umesikia nini, Mugisho?"

"Kelele, papa."

"Basi kaa tena."

Nilikaa hadi saa sita mchana. Alipokuja mara ya tatu nilimwambia kwamba ndani ya zile kelele kulikuwa na mlio mdogo kama wa mtu anayegonga kijiko mezani. Hapo ndipo aliponipa kitambaa cha kufutia mikono. "Mukono iko na haraka," akasema. "Sikio haina haraka. Usiache mukono itangulie." Nililikariri neno hilo vizuri sana. Kulikariri na kulifuata ni mambo mawili.

Vifaa vyetu vilikuwa vizuri mpaka vita vya kwanza vya Kongo. Vita vilipopita, vifaa navyo vilipita. Vilivyobaki ni vile ambavyo papa Cubaka alikuwa amevifukia ndani ya gunia chini ya banda lake la kuku: funguo za boliti, tupa mbili, kioo kidogo chenye mpini alichopewa na daktari wa meno, na kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Mpira huo tuliutumia kama daktari anavyotumia kile chombo chake cha kifuani. Upande mmoja unauweka sikioni, upande mwingine unautembeza juu ya injini, nayo inakueleza inaumwa wapi.

Papa Cubaka alikuwa na binti, Nsimire, mkunga katika ofisi yetu hiyo hiyo. Saa sita alimletea baba yake chakula, mara nyingi ugali na sombe, majani ya mihogo, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kumtazama akila. Alikulia kati ya magari. Angeweza kukwambia kwa sauti tu gari lipi linapanda mlima wa Kadutu. "Papa," alipenda kusema, "moteri zako zinalia kushinda batoto bangu." Baba mtu alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Sikumwona akicheka hivyo kwa sababu nyingine yoyote.

Katika vita vya pili, barabara ya Kamanyola ilikuwa ya bahati. Leo inapitika, kesho kuna mtu amelala na bunduki kwenye kona za mlima wa Ngomo, na hakuna aliyejua ni wa kundi gani. Simu hatukuwa nazo. Redio ya mawasiliano ya ofisi ilichukuliwa na wanajeshi. Gari likitoka, unangoja tu mpaka ulione likirudi.

Asubuhi moja jeep yetu ndefu nyeupe, ya petroli, yenye silinda sita, iliteremka kupeleka dawa kwenye zahanati moja huko tambarare. Shofere alikuwa Birindwa, mtu mpole, ambaye kabla ya kuwasha gari alilipapasa kama mtu anavyompapasa ng'ombe. Nsimire alikaa kando yake, kiti cha kulia, maana kwetu usukani uko kushoto. Siku ya tano Birindwa alirudi peke yake. Alipitia njia ya upande wa Rwanda, kama wengi walivyofanya barabara ya Ngomo ilipokuwa mbaya.

Papa Cubaka ndiye aliyemfungulia lango.

"Na mutoto?" akauliza.

"Iko muzima, papa," Birindwa akajibu kabla hata hajazima gari. "Alivuka Burundi na bamasista, kutafuta dawa. Ataandika."

Burundi nako kulikuwa na vita, lakini wakati ule kila mtu aliona vita vya jirani ni vidogo kuliko vyake. Papa Cubaka alipiga makofi, akamshukuru Mungu kwa sauti, akaenda nyumbani kumwambia mama Nsimire.

Mimi nilibaki na jeep. Ubavu wa kulia ulikuwa na rangi mpya, nyeupe kuliko sehemu nyingine. "Nilikwaruza ku mawe," Birindwa akasema. Viti vilikuwa vimevalishwa vitambaa vipya. Sikuuliza. Akaniambia kuna jambo lingine: injini ikiwa baridi iko sawa, lakini ikishapata moto, gari likisimama, inatetemeka kama mtu mwenye malaria.

Siku hiyo nilikuwa na ambulansi isiyo na breki na lori ambalo nusu yake ilikuwa sakafuni. Nilichukua bisibisi, nikazungusha ile skrubu ya kabureta inayopanga relanti, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Nusu mzunguko tu. Injini ikaongeza mwendo kidogo, na mtetemo ukapungua.

"Imepona," nikamwambia. Ilinichukua dakika mbili.

Wiki sita zilipita. Barua haikuja. Papa Cubaka alimwuliza kila aliyetoka Bujumbura, na kila mara Birindwa alisema njia ni mbaya, barua zinachelewa. Alikuwa amekonda. Tulidhani ni tumbo.

Kisha jeep ilizimika kwenye barieri moja, kizuizi cha wanajeshi, karibu na Ruzizi, injini ikiwa ya moto, ikakataa kuwaka. Wanajeshi waliona ni hila. Walimlaza Birindwa kifudifudi barabarani na muuguzi mmoja kandoni mwake, mpaka injini ilipopoa ikawaka. Aliporudi, mkubwa wa ofisi alikuja garajini mwenyewe. "Hii gari haitoke tena bila kujua iko na nini," akasema.

Kwa hiyo safari hii niliifanya kazi kama nilivyofundishwa. Nawaelezea hatua kwa hatua, ninyi mnaoanza, maana magari ya kabureta bado yapo milimani na yatawazika wengi wenu.

Niliiwasha ikiwa baridi. Ilikuwa tulivu, na hilo lenyewe ni jibu: injini baridi hupewa petroli nyingi, na petroli nyingi huficha kasoro. Nikaiacha ipate moto. Nikairudisha ile skrubu mahali pake pa zamani, na mtetemo ukarudi wote, hata kikombe cha chai kilichokuwa juu ya bampa kikaanza kutembea. Nikavuta waya za buji, zile zinazotoa cheche, moja baada ya nyingine. Ukivuta waya wa silinda nzima, injini inapungukiwa nguvu na unaisikia. Nilipovuta wa silinda ya pili, haikubadilika hata kidogo. Ilikuwa imelala. Nikafungua buji yake: nyeupe kama mfupa. Buji nyeupe ni dalili kwamba petroli ni kidogo, hewa ni nyingi. Kuna mahali hewa ilikuwa inaingia bila ruhusa.

Nikachukua ule mpira, nikautembeza kando ya bomba la hewa, lile lenye matawi sita yanayolisha silinda. Kwenye tawi la pili nilisikia mluzi mwembamba. Nikadondosha maji mahali pale, injini ikayameza, ikakohoa. Kwa juu bomba lilikuwa zima. Nikazima, nikapenyeza kile kioo cha daktari wa meno kwa chini, nikamulika na tochi.

Kulikuwa na ufa wenye urefu wa kidole. Na mwisho wa ufa, kimekaa ndani ya chuma kama jino ndani ya fizi, kulikuwa na kitu cha rangi ya shaba.

Nilijua ni nini. Katika Bukavu ya miaka ile hata mtoto wa shule ya msingi angejua. Lakini mkono wangu ulikataa kuelewa. Uliendelea kufuta kioo kwa kitambaa, kana kwamba uchafu ulikuwa kwenye kioo. Nilifungua bomba, nikaitoa ile risasi kwa koleo. Kisha nikatazama ubavu wenye rangi mpya. Nikaikwangua kwa bisibisi. Chini ya rangi kulikuwa na kiraka cha bati. Kwenye mlango wa kulia pia, chini, usawa wa nyonga ya mtu aliyeketi, kulikuwa na kiraka cha pili. Nikavuta kitambaa cha kiti. Sponji ilikuwa imeoshwa, na kuoshwa tena, na bado ilikuwa kahawia.

Birindwa alikuwa anaota jua ukutani. Nilimfungulia kiganja.

"Birindwa, hii ilikuwa mu moteri."

Aliitazama ile risasi. Akaketi chini kwenye mafuta machafu na suruali yake safi.

"Nsimire iko wapi?"

"Sijue," akasema. "Mungu wangu, Mugisho, sijue."

Alisimulia akitazama viatu vyake. Walipigwa risasi kwenye kona ya Ngomo. Hakuona mtu, aliona majani tu yakitikisika. Nsimire alipigwa ya nyonga. Aliendelea kuendesha mpaka kwenye nyumba chache chini ya mlima, na hapo Nsimire mwenyewe akamwambia amshushe, maana gari lilikuwa linamtikisa na damu inatoka. Watu walimtandikia mkeka. Mara risasi zikalia tena, karibu. Birindwa alikimbilia jeep. Alikusudia kusogea kidogo tu, kisha arudi.

"Nilifika Kamanyola bila kujua naenda wapi," akasema. "Ku barieri banauliza nimetoka wapi. Ningesema balitupiga, bangesema niko rafiki ya bale balipiga. Nikanyamaza. Siku ya kwanza ukinyamaza, ya pili inakuwa ngumu zaidi."

"Na papa Cubaka? Ulimwambia iko muzima!"

"Aliniuliza na furaha. Neno ilitoka yenyewe." Akanishika mguu. "Usimwambie. Nakuomba, ndugu yangu. Nitaenda kumtafuta mimi mwenyewe."

Nilivuta mguu wangu. Papa Cubaka alikuwa ndani, anaosha vipande vya kabureta kwenye beseni la petroli. Niliiweka ile risasi kwenye meza yake, katikati ya vile vipande vidogo vya shaba alivyokuwa amevipanga, nikamweleza ilikotoka. Kisha yaliyobaki. Aliendelea kuosha kipande kimoja, hicho hicho, muda mrefu sana.

"Alimwacha hai?" akauliza.

"Ndiyo, papa."

"Gari ingine iko?"

"Hakuna. Lori halina gia, ambulansi iko Katana."

"Leta tupa," akasema. "Na gundi ya chuma."

Aliliziba bomba lile mwenyewe. Alikwangua ufa, akalainisha kingo, akapaka gundi, akakata kipande cha bati, akakifunga kwa waya. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kazi hiyo sijaona mtu akiifanya vizuri zaidi, mpaka leo. Gundi ilihitaji masaa kukauka, naye alikaa kando yake masaa hayo yote, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja nje ya chumba cha upasuaji.

Kesho yake asubuhi tuliteremka watatu. Birindwa aliendesha, kwa sababu yeye tu ndiye aliyejua mahali. Papa Cubaka alikaa kwenye kile kiti cha kulia. Nilimwomba aje nyuma, mimi nikae mbele, akakataa. Tulipita Nyangezi, tukateremka kona za Ngomo. Injini ilikuwa tulivu kabisa, na utulivu ule ulinitesa masikio.

Nyumba zilikuwa sita au saba, na shamba la mihogo nyuma yake. Mwanamke mmoja mnene, mwenye kitenge cha kijani, alitoka akaitazama jeep, akamtazama Birindwa, kisha akamtazama mzee kwa muda.

"Ni weye papa ya Nsimire," akasema. Hakuuliza.

"Ni miye, mama."

"Mulichelewa, papa."

Jina lake lilikuwa mama Feza. Alituketisha kwenye mkeka, akatuletea maji, na kwa kuwa mzee alimwomba asifiche kitu, hakuficha. Nsimire aliishi siku kumi na tisa. Alikuwa anawaelekeza yeye mwenyewe jinsi ya kuchemsha maji na chumvi na kumwosha kidonda. Wiki ya kwanza aliweza hata kucheka. Walituma mtu Bukavu, akapigwa kwenye barieri, akarudishwa. Walitaka kumbeba kwa machela, lakini barabara ilikuwa imefungwa juu na chini. Wiki ya pili homa ilipanda.

"Hakukuwa na wasiwasi," mama Feza akasema. "Kila siku alituambia: papa yangu ni fundi, ile gari balipiga ku moteri, nilisikia vile ilibadilika sauti. Ikifika tu, papa atasikia. Atauliza. Atakuja."

Nakumbuka kuku mmoja alikuwa anakwaruza vumbi mbele yetu. Nilimtazama huyo kuku. Nilikuwa nahesabu, na hesabu haikuwa ngumu. Jeep ilifika kwangu siku ya tano. Siku ya tano Nsimire alikuwa anacheka. Kama ningechukua mpira na kioo siku ile, ningeiona risasi kabla ya saa kumi, na mpaka kesho yake tungekuwa hapa. Siku kumi na nne. Badala yake nilizungusha skrubu.

Mama Feza alituonyesha kaburi. Lilikuwa nyuma ya mihogo, limepangwa mawe pembeni kwa uangalifu, limepaliliwa. Birindwa hakufika kwenye kaburi. Aliishia kwenye mstari wa mwisho wa mihogo, akalala chini. Papa Cubaka alipiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya udongo, kama alivyozoea kukiweka juu ya injini kujua kama bado ina moto. Sikuweza kuvumilia hilo.

"Papa," nikasema, "gari ililetwa kwangu siku ile ile iliporudi. Ilikuwa inatetemeka. Sikutafuta. Nilipandisha relanti, nikasema imepona."

Hakugeuka. Nilidhani hakunisikia, nikaanza kurudia.

"Nilisikia," akasema. "Siku ile pia nilisikia. Nilikuwa nafungua lango, moteri inatembea, nikasikia silinda moja iko nalala. Nikasema mu roho, nitaangalia kesho. Birindwa alikuwa ametoka kuniambia mutoto iko muzima. Sikutaka kusikia kitu ingine siku ile. Na kesho nikasikia umeipanga, nikafurahi kwamba haiko kazi yangu."

Alikuwa fundi mwenye sikio kuliko watu wote niliowahi kujua. Nilitamani anipige. Hakunipiga. Alibaki na kiganja chake kwenye udongo, na mimi nilibaki nimesimama, mpaka mama Feza alipokuja kutuambia mvua inakaribia na barabara haitapitika.

Kilio kilifanyika Bukavu, nyumbani kwa papa Cubaka, upande wa Panzi. Watu walikuwa wengi: wakunga wenzake Nsimire, akina mama aliowazalisha, mafundi, watu wa kanisa. Habari ilikuwa imeenea, na kila aliyeingia aliuliza kwa kunong'ona kama huyo shofere amekwisha kukamatwa. Mimi nilikuwa kwenye benchi, karibu na papa Cubaka. Yeye ndiye aliyeniita nikae hapo, bila kueleza.

Siku ya tatu, mchana, Birindwa alikuja. Alisimama kwenye mlango wa ua, kofia mkononi, hakuthubutu kuvuka. Nyimbo zilikatika. Wajomba wawili wa Nsimire waliinuka, na mmoja alikuwa tayari ameokota kipande cha mbao.

"Mumupatie kiti," papa Cubaka akasema.

Hakuna aliyesogea. Mdogo wake alimwinamia. "Kaka, huyu? Huyu ndiye alimwacha mutoto mu njia."

"Najua alifanya nini. Mumupatie kiti, aketi hapa, na miye na Mugisho." Kisha akasema kwa sauti ndogo, ila ua wote ulisikia: "Tuko batatu."

Mdogo wake alinitazama, akamtazama yeye, hakuelewa. Mjomba aliweka mbao chini. Kiti hakikupatikana, vyote vilikuwa na watu, na hakuna aliyetaka kuinuka. Nikasogea mwisho wa benchi, Birindwa akaja akaketi.